WAYA WA TATU NA TUNDU LA INCHI NNE

Ndugu wanachama,

Nataka kusema neno juu ya mashine ya kukausha nguo. Najua wako watakaouliza: mtu wa reli ana shauri gani na mashine ya dobi? Naomba msome mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Kazi ya dobi si mpya katika mitaa yetu. Zamani dobi alikuwa na karai, sabuni, kamba ya kuanikia na pasi ya makaa. Siku hizi yako maduka ya dobi yenye mashine, Buruburu, Umoja, Donholm na kwingineko, na mengi yamewekwa katika vyumba vidogo chini ya nyumba za ghorofa. Wanaofanya kazi humo ni watu wetu. Ni wake zetu, dada zetu, na vijana wetu waliomaliza shule wakakosa kazi nyingine. Wengi wao hawana chama. Wakiumia, anayebeba mzigo ni mfanyakazi wa reli, wa kiwanda au wa basi aliye nyumbani kwao.

Mimi siipingi mashine. Nairobi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti jua linaweza kutoonekana siku nzima. Aliyepanga ghorofa ya nne hana uwanja wa kuanika. Yunifomu ya mtoto ikifuliwa Jumapili, haijakauka Jumatatu. Mashine ni msaada, na mwenye duka ana haki ya kupata faida yake.

Neno langu ni hili. Mashine ya kukausha nguo haijamalizika kufungwa mpaka imepewa njia mbili za usalama. Njia ya kwanza ni waya wa tatu, ambao huipeleka ardhini stima iliyopotea. Njia ya pili ni tundu la inchi 4 ukutani, ambalo hutoa nje hewa ya moto yenye maji na vumbi. Hizi mbili ndizo huachwa kwanza, kwa sababu mashine huzunguka hata kama hazipo. Mteja hazioni. Tajiri halali karibu nazo. Anayezilipia zikikosekana ni yule anayesimama mbele ya mashine saa kumi kwa siku. Kwa hiyo ni mambo ya kazi, na mambo ya kazi ni mambo ya chama.

WAYA WA TATU

Stima yetu ya Kenya ni ya volti 240. Mashine ya wati 2,400 hula ampea 10 wakati wote moto wake unapowaka. Huo si mzigo wa taa wala wa redio. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, iliyotoka Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, mwisho wake ni ampea 13. Maana yake mashine hii peke yake inakaribia kumaliza nguvu yote ya plagi, na haitaki mwenzake katika soketi hiyo.

Ukizima na kuichomoa plagi, kisha ukaifungua, utaona nyaya tatu. Wa kahawia huleta stima. Wa buluu huirudisha. Wa kijani wenye mstari wa manjano ni waya wa ardhi. Katika nyumba za zamani ukutani mnaweza kukuta rangi za zamani: nyekundu, nyeusi na kijani. Ndani ya plagi, mguu mrefu ukiwa juu, wa kahawia hufungwa kulia penye fyuzi, wa buluu kushoto, na wa ardhi juu. Fundi mzuri huacha waya wa ardhi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa, huo uwe wa mwisho kung'oka. Tena hukaza kibano cha plagi juu ya ganda la nje la kebo, si juu ya nyaya za ndani. Mkiona rangi za ndani zimechungulia nje ya plagi, kazi hiyo haijafanywa.

Waya huu wa tatu siku njema haubebi kitu. Ndiyo sababu watu huudharau. Lakini mashine ya kukausha hutikisika, na siku moja waya wa ndani huchubuka ukagusa bati. Hapo stima huingia katika mwili wote wa mashine. Kama waya wa ardhi upo na umeshika, stima hukimbia kwa wingi kupitia hapo, fyuzi hukatika, na mashine hufa. Kama haupo, mashine huendelea kuzunguka kama kawaida, na bati hungoja mkono wenye maji. Na mikono ya dobi ina maji siku zote.

Sisi watu wa reli tunaijua hekima hii. Bomba la breki hupita kutoka injini mpaka behewa la mwisho. Likikatika njiani, hewa hutoka, na breki hushika zenyewe bila kumngoja dereva. Waliotengeneza breki hiyo hawakutosheka kumwambia dereva awe mwangalifu. Walifanya kuharibika kwenyewe kusimamishe treni. Waya wa tatu ni breki ya namna hiyo. Anayeukata amekata bomba la breki na kuwaambia abiria wasali.

Sasa tazameni yanayofanywa. Wako wanaotumia plagi ya miguu miwili, wakiingiza kalamu katika tundu la juu la soketi ili milango ya chini ifunguke. Hapo waya wa ardhi hauna pa kwenda. Wako wanaoona fyuzi imekatika wakaweka msumari au karatasi ya sigara. Fyuzi ilikatika kwa kuwa iliona kosa. Msumari hauoni kitu. Wako wanaoitoa stima mbali kwa kebo ya kuongezea iliyo nyembamba, imezungushwa kama kamba ya ndoo, ikipata moto mpaka ganda lake linalainika. Na wako waliovuta stima ya wizi kutoka kwa jirani, waya mmoja wa kuja na mmoja wa kurudi, basi. Katika stima ya namna hiyo waya wa ardhi hamtauona.

Jambo jingine: waya wa ardhi katika plagi si kitu kama nyumba yenyewe haina ardhi. Lazima uendelee ukutani mpaka kwenye bodi ya stima, na kutoka hapo mpaka kwenye ardhi ya nyumba, ambayo mara nyingi ni fimbo ya chuma iliyopigwa chini ya udongo. Katika nyumba iliyopangishwa miaka mingi, fimbo hiyo inaweza kuwa imeliwa na kutu, au waya wake wa shaba umeibwa. Kwa macho huwezi kujua. Fundi mwenye leseni ya EPRA ana kipimo cha kujua, na kupima huko ni kazi ya muda mfupi.

Tena iko swichi ya usalama ambayo hukata stima ikipotea miliampea 30. Miliampea 30 ni kitu kidogo sana. Fyuzi ya ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya hiyo. Lakini kiasi hicho kikipita kifuani kinaweza kumwua mtu. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba fyuzi inalinda mwili wenu. Fyuzi hulinda waya. Mtu hulindwa na waya wa ardhi pamoja na swichi hiyo.

Neno la mwisho hapa ni juu ya mashine zinazotoka Marekani, ambazo wengine huletewa na jamaa. Huko nguvu ya stima ni tofauti. Mashine zao kubwa hupokea volti 240 za joto na 120 za mota kwa pamoja, na mtindo wao wa sasa ni nyaya nne. Zamani walifunga nyaya tatu, na waya wa kurudisha stima ukaunganishwa na mwili wa mashine. Kwa ufungaji mpya waliuacha mtindo huo mwaka 1996 kwa sababu ya hatari yake. Fundi wa njiani anayekata plagi ya Marekani na kufunga ya kwetu kwa kubahatisha anaweza kuiunguza mota, au kuufanya mwili wa mashine kuwa njia ya stima. Mashine hiyo isiguswe mpaka fundi anayeijua amesema.

TUNDU LA INCHI NNE

Nguo za kilo 5 zikitoka katika mashine ya kufulia zimekamuliwa bado zina maji ya lita 2 au 3. Mashine ya kukausha haiyamezi maji hayo. Inayageuza kuwa mvuke na kuusukuma nje kwa feni. Bomba likiishia nyuma ya mashine, lita hizo zinabaki chumbani. Kwa mizigo 8 kwa siku ni kama ndoo nzima ya maji ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10. Ukuta unafanya ukungu, soketi zinapata unyevu, na mfanyakazi anakohoa. Na tajiri naye anapata hasara, kwa kuwa hewa yenye maji haikaushi nguo. Mashine inazunguka mara mbili na bili ya stima inapanda.

Lakini maji si hatari kubwa. Hatari kubwa ni manyoya. Kila nguo inapozunguka hutoa manyoya ya pamba. Mengine hushikwa na wavu wa chujio, mengine hupita katika bomba. Manyoya makavu yaliyo karibu na chuma cha moto ni kama pamba ya kuwashia jiko.

Serikali ya Marekani ilihesabu mambo haya. Katika miaka ya 2008 mpaka 2010 ilikadiria kwamba mioto kama 2,900 kila mwaka ilianzia katika mashine za kukausha nguo majumbani, watu kama 5 wakifa na kama 100 wakiumia kila mwaka. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha. Na mwezi wa Agosti 2016, huko Shepherd's Bush, London, moto ulianzia katika mashine ya kukausha iliyokuwa na kasoro, ghorofa ya 7 ya jengo la ghorofa 18, ukapanda ghorofa kadhaa juu. Walihitajika wazima moto 120. Sasa fikirini ghorofa zetu, ambapo gari la moto haliwezi hata kupita kwa sababu ya vibanda, na mlango wa kutokea ni mmoja.

Kwa hiyo bomba liwe hivi. Liwe la chuma, upana inchi 4, laini ndani. Bomba la plastiki huyeyuka, na lile la karatasi ya fedha lenye mikunjo hukusanya manyoya katika kila kunjo. Liwe fupi kadiri iwezekanavyo na kona chache. Viungo vyake vifungwe kwa kibano cha nje au utepe wa chuma, si kwa skurubu zinazochomoza ndani na kushika manyoya. Lisibanwe na mashine ukutani mpaka likajikunja. Litoke nje kabisa, penye hewa, likiwa na kifuniko kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikikoma, ili panya wasiingie. Lisipelekwe darini, wala chini ya ngazi, wala katika njia ya wapangaji. Chujio lisafishwe kila mzigo unapotoka, na bomba lenyewe lifunguliwe na kusafishwa kwa zamu iliyoandikwa, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Mashine zinazotumia gesi zina hatari zaidi, kwa maana hewa yake hutoka na moshi wa moto. Ndani yake inaweza kuwamo sumu ile ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi. Mfanyakazi akiona kichwa kinamwuma kila mchana kazini na kinapona akitoka nje, asimeze dawa na kunyamaza. Afungue milango, azime mashine, aende akatazamwe.

Ni haki kusema kwamba ziko mashine zisizotaka tundu, ambazo hugeuza mvuke kuwa maji na kuyaweka katika chombo. Hizo humwagwa maji kila mara na kusafishwa chujio. Lakini waya wa tatu zinautaka kama nyingine zote.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye ugomvi. Nimesikia katika duka moja la dobi mfanyakazi akiambiwa, "Mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe." Mwenye nyumba naye anasema, "Mashine si yangu." Basi wawili hao wanapatana kwa njia rahisi: tundu halitobolewi, na mwanamke aliye ndani anavuta mvuke na manyoya.

Wale waliosoma shule za misheni wanakumbuka Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Mtu akijenga nyumba mpya, ameamriwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba ile. Sheria hiyo haikusema mgeni awe mwangalifu asianguke. Ilimwamuru mwenye nyumba ajenge.

Sheria ya nchi yetu inasema vivyo hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wanaofanya kazi humo. Tena inampa mfanyakazi haki ambayo wengi hawaijui: akiona hatari kubwa iliyo karibu, atoe habari kwa msimamizi wake, na tajiri asimtake arudi mahali pale wakati hatari ile bado ipo. Na sheria ya fidia ya mwaka huo huo, 2007, inamwekea tajiri jukumu la kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini. Kwa hiyo tajiri anayebana pesa za bomba hajaokoa kitu. Ameahirisha deni tu, na riba yake ni mtu.

WANAOPINGA

Wako watakaosema chama ni cha mishahara, si cha nyaya. Nawajibu: mshahara hulipwa kwa mikono. Mkono uliokufa ganzi kwa stima haupokei nyongeza yoyote.

Wengine watasema tukisumbua maduka yatafungwa na watu watakosa kazi. Huu si ujinga; ni hofu ya kweli, na kodi ya nyumba haingoji. Lakini bomba, plagi nzuri na fundi mwenye leseni ni gharama ndogo mbele ya bei ya mashine yenyewe. Aliyeweza kununua mashine ameweza kununua bomba. Na duka lililoungua halimwajiri mtu.

Wengine watasema, "Tumefanya kazi hivi miaka miwili, hakuna aliyekufa." Katika reli hatusemi hivyo. Kwamba jana treni hazikugongana si sababu ya kung'oa signali leo. Signali ilikuwapo jana. Ndiyo sababu hazikugongana.

Na wako watakaosema mfanyakazi avae viatu vya mpira. Na avae. Lakini mkono mmoja ukiwa juu ya mashine na mwingine juu ya bomba la maji, viatu havina la kufanya.

TUFANYE NINI?

Naomba tawi letu litazame mashauri haya:

1. Kila mwanachama ambaye mtu wake anafanya kazi ya dobi amweleze mambo mawili ya kutazama kabla ya kugusa swichi: plagi ina miguu mitatu na kebo imekazwa, bomba limetoka nje ya ukuta.

2. Mfanyakazi akisikia mwasho mdogo kwenye bati, asiuite "stima kidogo". Asiguse mashine tena. Swichi ya ukutani au ya bodi izimwe, kisha habari ipelekwe kwa msimamizi, kwa maandishi kama inawezekana, na nakala iwekwe.

3. Mtu akishikwa na stima, asivutwe kwa mkono mtupu. Stima izimwe kwanza.

4. Wapangaji wa jengo moja waende pamoja kwa mwenye nyumba, si mmoja mmoja. Moto wa duka la chini ni moto wa ghorofa zote, na ardhi ya nyumba ikiwa mbovu ni mbovu kwa pasi na jiko la kila mpangaji.

5. Tawi liwakaribishe wafanyakazi wa dobi katika mkutano, hata kama si wanachama, na limwombe fundi mwenye leseni aje kuwaonyesha plagi iliyofunguliwa na bomba lililojaa manyoya. Jambo lililoonwa kwa macho halisahauliki.

6. Wafanyakazi hao wasaidiwe kupata chama chao cha haki. Mmoja akidai tundu ataambiwa aondoke. Ishirini wakidai, tundu litatobolewa.

Ndugu zangu, waya wa kijani na tundu ukutani si zawadi ya tajiri. Ni sehemu ya mashine, na ni haki ya anayeitumia. Mahali ambapo havipo, mashine isiwashwe.

Wenu katika kazi,
Fundi wa mabehewa, Makongeni.